Rangi za Karani

Wodi ya figo, 4 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Naandika kwa barua pepe kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, na leo sitaki ugomvi, nataka kukupongeza. Nesi Mkuu ametusomea barua ya uongozi: jedwali langu la zamu linapumzishwa, na kampuni itakayotuletea mfumo mpya ni hiyo hiyo iliyokuajiri. Nimelisoma jina mara mbili. Nikamwambia mlinzi, nikamwambia mfagizi, nikamwambia na mgonjwa mmoja ambaye kumbe alikuwa amelala.

Basi acha nikueleze unachokuja kurithi. Tuna mashine nane za kusafisha damu. Kila mgonjwa anakuja mara tatu kwa wiki na kukaa saa nne, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Wagonjwa ni arobaini na mmoja. Nani akae mashine ipi na zamu ipi, hayo yote yamo kwenye jedwali nililolijenga mwenyewe kwa miaka sita, safu kwa safu, kwenye kompyuta ya meza ya mapokezi. Skrini yake inatazama benchi la wagonjwa kwa sababu waya ni mfupi, na kila siku naahidiwa waya mwingine. Sikusomea kazi hii, unajua nilivyojifunza, kwa kubonyeza na kumwomba Mungu. Lakini miaka sita hajafika mgonjwa akakosa mahali pa kukaa.

Kuna mmoja nakuomba umweke moyoni. Tunamwita Mkutubi, mama aliyekuwa anatunza vitabu kwenye maktaba ya mji. Mdogo wake wa kiume amekubali kumpa figo, na upasuaji ni tarehe 20 Mei. Daktari ameonya kwamba mpaka siku hiyo asipate maambukizi ya aina yoyote, hata mafua yamwogope. Kila akija ananionyesha kalenda yake ya mfukoni, siku zilizopita kazikata kwa kalamu.

Waambie wenzako kwamba mimi ni kaka yako, ili jedwali langu walishike kwa mikono miwili.

Kaka yako,
Karani


Ofisini, 9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Pongezi nimezipokea, ila punguza kutangaza, tafadhali. Bado niko kwenye miezi ya majaribio.

Hapa hawaulizi umetoka wapi. Siku ya kwanza unaulizwa unaandika kwa lugha gani ya kompyuta na kwa zana ipi, na jibu lako linapimwa kama watu wanavyopima ukoo kabla ya posa. Juu kabisa yuko mkuu wa timu. Tunamwita Profesa ingawa hajawahi kumfundisha mtu. Anaandika kwa lugha ambayo nchi nzima haijuliwi na watu kumi, na yeye anajihesabu wote kumi. Hagusi kipanya, kila kitu ni kwa vidole kwenye skrini nyeusi. Kipanya anakiita mkongojo. Chini yake yuko Mabano, ambaye hakusemeshana na mwenzake wiki nzima kwa sababu ya mabano, kama yakae mwisho wa mstari au yashuke chini yake. Sikutanii. Chini ya Mabano wako wanaoandika lugha za kawaida. Chini yao niko mimi. Na chini yangu, kaka, chini ya sakafu kabisa, wako watu wa majedwali. Profesa husema, "Jedwali si programu, ni daftari lenye umeme." Watu hucheka kila anaposema, na anasema kila siku.

Mimi programu yangu ya kwanza niliifanya kwenye jedwali lako, wakati wa likizo ya shule, nimekalia kiti chako. Hilo hapa halijui mtu. Nikiulizwa nilianzia wapi, nasema chuoni. Profesa akipita natia kipanya kwenye droo. Nimekuwa mwoga hata wa kivuli changu, naandika mistari mitano nafuta minne, nawaza nani ataisoma.

Jana jedwali lako lilionyeshwa ukutani kwenye mkutano. Walilisifu. Walisema ni kazi ya mtu mwenye subira. Habari ya udugu wetu sijawaambia, nasubiri wakati mzuri.

Mdogo wako,
Kasuku


Wodi ya figo, 11 Machi

Kasuku,

Walilisifu! Nimewasomea manesi ule mstari, nikausoma tena mmoja alipochelewa. Mke wangu anasema tangu juzi natembea kama niliyeteuliwa waziri.

Nimeanza kulifanyia usafi, nisije nikaaibika mbele ya wasomi. Safu zilizokaa upande nimezinyoosha, majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo nimeyakuza. Wakiwa na swali lolote waulize, sitachoka kujibu.

Ila huo "wakati mzuri" ni upi? Mimi hapa nimekutaja mpaka kwa mfagizi.

Karani, mwenye subira


Ofisini, 21 Machi

Kaka,

Leo ni kazi tupu. Ijumaa nahamisha data yako kwenye mfumo, kwa hiyo nahitaji majibu kabla ya hapo. Ile safu ya sita yenye herufi K na M ni ya nini? Na kwa nini mashine ya nane haina watu wengi, mbona zamu nyingi inakaa bure?

Na hizi rangi! Njano, bluu, kijani, kama mtoto wa chekechea aliyeachiwa boksi la kalamu. Zina kazi yoyote au ni mapambo? Sisi tunachukua maandishi tu. Rangi hazipiti, zinabaki kwenye jedwali la zamani. Kama zina maana, niambie.

Kasuku


Wodi ya figo, 23 Machi

Dada,

Leo asubuhi nilikuwa namsimulia Nesi Mkuu jinsi mlivyolisifu jedwali langu. Akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Karani, mimi nilikuwamo kwenye mkutano ule, kwa njia ya mtandao. Nilizima kamera nikawa nasikiliza huku nachambua mafaili. Walikucheka dakika kumi. Na aliyekucheka kuliko wote ni binti mmoja, kicheko chake kama chako, kinapanda halafu kinakwama."

Akanieleza na ulichosema. Kwamba mtu aliyepaka rangi zile alikosea kazi, angefungua duka la keki za harusi.

Nimeumia, siwezi kukuficha. Si kwa kucheka, watu hucheka. Nimeumia kwa sababu uliandika kwa mkono wako kwamba walilisifu, na mimi mtu mzima nikazunguka wodi nzima nimeshika barua hiyo. Manesi wote sasa wanajua. Wananisalimia kwa sauti ya hospitali, ile wanayotumia kwa wagonjwa.

K ni anayehitaji kiti cha magurudumu, M ni anayetembea kwa miguu yake. Maswali yako mengine nimeyaona. Sijibu. Waulize waliocheka, wao wana akili.

Karani


Ofisini, 24 Machi

Kaka,

Ni kweli yote. Sikucheka kwa sababu jedwali lilichekesha. Nilicheka kwa sababu Profesa alikuwa ananiangalia, na niliona kama usoni pameandikwa nilikojifunzia. Nikataka kucheka kabla mtu hajauliza. Lile la keki lilinitoka, wakashangilia, Mabano akanigongea kiganja. Niliona fahari kwa nusu dakika nzima, kisha nikajisikia vibaya mpaka nikaenda kunawa uso.

Nisamehe, au usinisamehe sasa hivi, lakini usiache kuniandikia.

Sitakusumbua tena kwa maswali. Nesi Mkuu nimempigia nikaambiwa anajiandaa kwa likizo na hana nafasi. Rangi nimezichukulia kuwa ni mapambo. Zingekuwa na uzito ungesema, hata kwa hasira, nakujua. Kesho nahamisha, na tarehe moja mfumo unaanza kazi.

Mdogo wako


Stoo, 6 Aprili, saa tano asubuhi

Kasuku,

Nimekupigia mara saba hupokei. Soma hii sasa hivi.

Siko wodini tena. Tangu tarehe moja nimehamishiwa stoo ya glavu na mirija, maana mfumo wenu hauhitaji karani. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimenuna. Leo nimepeleka boksi la mirija wodini, nikachungulia chumba cha pembeni, nikamkuta Mkutubi amefungwa kwenye mashine ya nane, anasoma kitabu, damu inazunguka.

Njano, Kasuku. Njano ni wenye virusi vya homa ya ini. Wako watatu. Wanatumia mashine ya nane peke yake, kwenye chumba chao, na mtu mwingine haruhusiwi kuikalia hata kama zile saba zimejaa na foleni imefika getini. Sikuandika ugonjwa kwenye jedwali kwa sababu skrini inatazama benchi, na watu hawa wana majirani, wana wachumba. Imeandikwa kwenye mafaili ya madaktari, yamefungiwa kabatini. Kwenye jedwali niliweka rangi, na tulioijua tulikuwa wawili, mimi na Nesi Mkuu. Yeye yuko likizo. Waliobaki ni manesi wapya, wameambiwa wafuate skrini, wasibishane nayo.

Nimepiga kelele mpaka wamemtoa. Zimeni mfumo wenu. Angalia kama kuna mwingine. Angalia amekaa pale mara ngapi.

Karani


Ofisini, 6 Aprili, saa nane mchana

Kaka,

Tumezima. Nilikuwa mkutanoni, simu ilikuwa kwenye droo. Barua yako nimeisoma nimesimama na sijakaa tangu hapo.

Nimepitia kumbukumbu zote za mfumo, mstari kwa mstari, kisha nimemwomba Mabano apitie nyuma yangu. Wale watatu hawakuhamishwa, walibaki kwenye mashine yao. Aliyeongezwa pale ni mmoja tu. Mashine ya tatu, anayokaa Mkutubi siku zote, ilipangiwa matengenezo, mfumo ukatafuta iliyo wazi, ukaona ya nane inakaa bure, ukampeleka. Tarehe moja, tarehe nne, na leo.

Ile hesabu ya kujaza mashine zilizo wazi niliiandika mimi. Profesa aliisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika, mara ya kwanza tangu nije. Nilitembea kwenda nyumbani siku ile badala ya kupanda gari, kwa furaha.

Niambie habari zake. Niambie wamempima nini na wamesema nini. Nimemwaga maji mara mbili.

Kasuku


Stoo, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Wamempima. Damu yake ya leo ni safi, lakini daktari anasema hiyo haituambii kitu bado, virusi vinaweza kujificha wiki nyingi. Mashine huoshwa kwa dawa kila baada ya mgonjwa, kwa hiyo hatari ni ndogo. Ndogo, amesema, si kwamba haipo. Mtu mwingine angekingwa na chanjo, ila Mkutubi alichanjwa mara mbili na mwili wake haukushika. Wamemchoma sindano nyingine ya kinga. Atapimwa tena baada ya wiki sita, na tena baada ya miezi mitatu. Mpaka majibu ya mwisho yatoke, hakuna upasuaji. Tarehe 20 Mei imefutwa.

Mdogo wake anafanya kazi nchi ya mbali, amekuja kwa likizo ndefu inayoisha mwisho wa Juni. Hesabu unaiona mwenyewe. Majibu ni Julai.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonitoa jasho. Hospitali imeunda kamati. Kila mtu anaulizwa alijua nini na alimwambia nani. Barua yako ya tarehe 21 ipo, umeniuliza waziwazi habari ya rangi na habari ya mashine ya nane. Na jibu langu lipo, nimesema sijibu. Kasuku, nina watoto watatu na mama anaishi kwangu. Mtu mwenye cheti angepewa onyo, mimi nitaonyeshwa mlango. Nakuomba usiitoe barua hiyo. Ukiulizwa, sema hukuwahi kuniandikia.

Najua ninachokuomba. Nimekiandika mara nne kabla ya hii.

Karani


Ofisini, 14 Aprili

Kaka,

Profesa aliniita jana. Akanivutia kiti, akaniletea chai mwenyewe, watu wakageuza shingo. Akaniuliza kwa upole, "Hizo rangi, uliuliza?" Nikasema niliuliza. "Kwa maandishi?" Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi ni kasoro ya data ya mteja. Andika ripoti, ambatanisha hiyo barua, tumemaliza. Nilisema toka mwanzo, daftari lenye umeme."

Ripoti naiandika mimi, na kamati yenu wanaisoma Jumanne. Barua ninayo. Nikiitoa, kazi yangu inabaki na jina langu linabaki. Hakuna atakayeuliza tena.

Na acha niseme lililo moyoni, maana nikilimeza litanisonga. Uliona swali langu. Ulijua njano ni nini. Siku nane zilipita kati ya barua yako ya hasira na tarehe moja, na kila siku ulikuwa na simu mfukoni. Nimekasirika, kaka. Nakupenda na nimekasirika, sijui nitangulize lipi. Halafu nakumbuka nilivyokuuliza. Kama mtoto wa chekechea, ndivyo nilivyoandika. Nani anajibu swali la namna hiyo?

Sijui nitaandika nini. Mabano amepita sasa hivi akanipapasa bega, akasema, "Watu wa majedwali, bwana." Nikamwitikia. Niliitikia, kaka, hata baada ya yote haya.

Kasuku


Stoo, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Jana kamati ilikaa. Daktari Mkuu alisoma ripoti yenu kwa sauti, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nasubiri kusikia tarehe 21 Machi.

Nimeomba nakala. Nakuandikia kipande ulichokiandika wewe, ili ujue kimefika: "Aliyeziacha rangi ni mimi. Nilimuuliza karani mara moja, kwa dharau, na aliponikatalia sikumuuliza tena, kwa sababu karani ni kaka yangu, na mbele ya wenzangu nilimwonea aibu. Jedwali lake lilijua kitu ambacho mfumo wetu haukujua. Sikutaka kuamini kwamba jedwali linaweza kujua kitu."

Daktari Mkuu akaniangalia juu ya miwani. Nilikuwa nimejiandaa kukana, Kasuku, maneno nilikuwa nimeyakariri njiani. Nikasimama nikasema kwamba niliulizwa, nilijua jibu, na nilinyamaza kwa sababu nilinuna. Sikuongeza kitu. Nikakaa kabla sijaruhusiwa.

Nimepewa onyo la maandishi na kuvuliwa cheo ambacho hata sikujua ninacho. Nesi Mkuu amerudi kutoka likizo amevimba kwa hasira, amewaambia hataki kuona skrini inayopanga watu bila mtu wa kuibishia, na kwamba mtu huyo ni mimi. Kuanzia wiki ijayo narudi mezani.

Kisha nikaenda kwa Mkutubi mwenyewe. Nilimweleza yote, habari yako na habari yangu. Alinisikiliza kidole kikiwa ndani ya kitabu.

"Kwa hiyo mlikuwa mmenuniana," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mkanuniana juu yangu."

Alifungua kitabu akaendelea kusoma, na mimi nikasimama pale mpaka nesi akaniambia nimeziba njia.

Kaka yako


Ofisini, 29 Aprili

Kaka,

Nimetolewa kwenye mradi. Sikufukuzwa, jambo ambalo Profesa amelieleza kama zawadi. Amenipa kazi ya kupanga ratiba ya vyumba vya mikutano, akasema naweza kutumia jedwali kama napenda. Watu walicheka. Mimi sikucheka, na safari hii nikaona jinsi wanavyomtazama yeye kabla ya kuanza kucheka. Wote. Walikuwa wanasubiri uso wake uwape ruhusa.

Mabano alinifuata jikoni, akafungua bomba maji yapige kelele, akaninong'oneza kwamba na yeye alianzia kwenye jedwali, la duka la mama yake. Nikamwambia arudi ndani akaseme kwa sauti. Akaangalia mlango, akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Kabla sijatolewa nilimaliza jambo moja. Mashine ya nane sasa haiwezi kupangiwa mtu mpya mpaka watu wawili wathibitishe, kila mmoja kwa jina lake, na mfumo haumwambii mtu wa benchi kwa nini. Nesi Mkuu alinipigia kuuliza maswali kumi na saba. Nilimjibu yote na nikamwuliza mengine ishirini, akaniambia sasa naanza kufanana na kaka yangu.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa siwezi kula. Najua saa anayokaa na saa anayofunguliwa. Nimetaka kumwandikia, naanza "Mpendwa mama" na sijui kinachofuata. Mdogo wake amesemaje?

Kasuku


Wodi ya figo, 20 Mei

Mdogo wangu,

Vipimo vya wiki sita ni safi. Usishangilie, daktari amekataza hata kutabasamu mpaka Julai.

Leo ndiyo ingekuwa siku yake. Amekuja kama kawaida, kavaa vizuri kuliko kawaida, nikamwambia shati lake limependeza. Mdogo wake alikuja naye, akakaa kwenye benchi na simu sikioni. Anaomba aongezewe mwezi mmoja kazini. Nilimsikia anasema "ndiyo mkubwa, naelewa mkubwa" mara nyingi. Aliponiona namtazama akatoka nje.

Usimwandikie kwanza. Nilimuuliza kama angependa, akasema barua za pole zinamchosha kuliko mashine.

Kaka yako


Wodi ya figo, 8 Julai

Mdogo wangu,

Majibu ya miezi mitatu yametoka jana. Ni safi. Hakupata chochote. Nimeliweka hili mbele kwa sababu najua utalisoma na kukaa chini, na nataka uwe umekaa.

Mdogo wake Mkutubi aliondoka tarehe 30 Juni. Kazini hawakumwongezea hata siku moja. Baada ya upasuaji mtoaji naye anahitaji wiki kadhaa za kupona, na hakuwa nazo. Amesema atarudi mwakani likizo ikitoka. Mke wake amesema tofauti. Mkutubi hakunieleza mke alisema nini, na mimi sikuuliza.

Leo ameingia saa moja asubuhi. Nilitangulia kumpongeza kwa majibu, nikajikuta nasema haraka haraka kama mtu anayeuza kitu. Akaniacha nimalize.

"Mwaka mmoja ni mara ngapi, Karani? Wewe ni mtu wa hesabu."

Nikamwambia wiki hamsini na mbili, mara tatu kila wiki. Mia moja hamsini na sita.

"Na leo nakaa wapi?"

"Mashine ya tatu, mama."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

Hakukaa. Alisimama pale na mkoba wake, miguu imemvimba, anapumua kwa shida, watu wa benchi wanatutazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu. Nikarudi mezani nikafungua mfumo, nikaenda kabatini nikatoa faili la daktari, nikalinganisha jina kwa jina na namba kwa namba, nikaingia chumbani nikaisoma namba iliyobandikwa kwenye mashine yenyewe. Nikamrudia nikamwambia ni ya tatu.

Ndipo akakaa. Jumatatu atakuja tena, ataniuliza tena, na nitakwenda kuangalia.

Kaka yako,
Karani